Daftari la Wachimbaji

Msichana mwenye kazi ya kuandika vifo, ungedhani angekuwa na sura ya matanga. Dinah hakuwa nayo. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali pale Voi, na kazi yake kubwa ilikuwa kunakili taarifa za vifo zilizoletwa na manaibu wa machifu kutoka vijijini: jina, umri, kijiji, sababu. Wenzake walizipiga chapa huku wakipiga soga. Yeye alizisoma. Kulikuwa na naibu mmoja wa huko milimani ambaye hakuandika ugonjwa hata kwa dawa, aliandika "tumbo", "uzee", "alianguka", na siku moja, kuhusu mzee wa miaka sitini na minne, akaandika "alichoka." Wiki nzima Dinah alijiuliza yule mzee alichoka na nini. Ikifika saa ya matangazo ya vifo redioni aliiacha chai yake ipoe, asikilize nani ametajwa na nani amesahauliwa, maana, alisema, aliyesahauliwa ndiye mwenye hadithi.

Basi, mdadisi wa namna hiyo hakosi kufika kwao siku moja.

Ilianza na harusi. Mama yake, Wakio, alikaa Wusi, na alikuwa mjane tangu mwaka wa sitini na mbili. Jirani yao Elijah, fundi seremala, alifiwa na mke mwaka wa sitini na nane, na mwaka uliofuata akaja kuposa. Akakataliwa. Akangoja mavuno mawili, akarudi. Akakataliwa tena. Watu wa Wusi walimcheka mpaka wakachoka, mwanamume mzima anatengeneza meza za watu na yeye hana wa kumwandalia. Halafu mwishoni mwa mwaka wa sabini na nne, bila mtu kujua kilichobadilika, Wakio akasema ndiyo, ila wangoje kwanza Mkamburi amalize masomo ya kupiga chapa. Mkamburi ndiye Dinah. Hilo lilikuwa jina la bibi yake mzaa baba, jina la nyumbani, na kule Voi hapakuwa na mtu aliyemwita hivyo.

Sasa ulikuwa mwaka wa sabini na sita. Masomo yalikwisha, kazi ilipatikana, wazee walikaa wakazungumza wakamaliza, na hapo ndipo Mchungaji Samuel akaipiga breki. Alikuwa kijana aliyetoka chuoni juzi juzi, kola imemkaba mpaka anaongelea puani, na alipenda vitabu kuliko watu. Alisema hawezi kutangaza kanisani ndoa ya mke wa mtu. Huyo marehemu alikufa lini? Kaburi liko wapi? Alifungua kitabu cha maziko cha kanisa, mwaka wa sitini na mbili, akapitisha kidole ukurasa mzima: Mwandawiro, mume wa Wakio, hayumo. Wazee wa kanisa waliyakumbuka matanga, walizikumbuka nyimbo, mmoja aliukumbuka hata uji wa siku ile. Maiti ndiyo hakuna aliyeiona, kwa sababu Mwandawiro alifia Mboghoni, upande wa Taveta, alikokwenda kutafuta kazi ya mashamba, akazikwa huko huko. Ndivyo Wakio alivyowaambia wakati ule na ndivyo kila mtu alivyojua. Mchungaji akasema sawa, alete karatasi.

Dinah alifurahi. Haki ya Mungu, mama mtu anakatazwa kuolewa, binti anafurahi! Lakini karatasi ndiyo iliyokuwa kazi yake, na kwa mara ya kwanza maishani aliona ana kitu cha kumpa mama yake ambacho mwingine hana. Aliahidi papo hapo kwamba atakitafuta kifo cha baba na kukileta kikiwa na mhuri.

Aliyemshangaza ni mama. Wakio alikuwa anapukuchua maharagwe, na bila kuinua kichwa alisema waachane na hayo. Umri umekwenda, atakaa kama alivyokaa siku zote. Sauti yake ilikuwa kavu. Elijah, aliyekuwa amekuja kukaza mguu wa kiti, aliukazia macho msumari wake. Dinah alidhani ni haya za harusi ya ukubwani. Akaapa moyoni kwamba mama yake hatamkosa mume kwa sababu ya karatasi.

Majuma matatu alikula chakula chake cha mchana juu ya vitabu vya zamani. Alitafuta mwaka wa sitini na mbili, akatafuta wa sitini na moja kama waliandika mapema, na wa sitini na tatu kama walichelewa. Aliona waliogongwa na nyati, waliozama, waliokufa kwa homa, na mama mmoja aliyeandikwa amekufa mara mbili kwa miezi miwili tofauti, jambo lililomtia hamu kubwa lakini akajikaza asilifuate. Mwandawiro wa Wusi hakuwemo. Vifo vingi vya mashambani vya miaka ile havikuandikwa popote. Mtu alizikwa, watu wakanawa mikono, wakaenda zao.

Ijumaa moja akaomba ruhusa, akapanda treni ya Taveta. Treni ile haikuwa na haraka na mtu. Ilisimama Mwatate, ikasimama Bura, ikasimama Maktau muda mrefu kana kwamba imesahau ilikokuwa inakwenda, na Dinah muda wote alikuwa dirishani akipanga maneno. Kazi ilikuwa imemfundisha kitu kimoja: ndugu wa marehemu huambiwa yale mazuri tu, lakini karani huambiwa yote. Kwa hiyo aliamua kwamba akifika Mboghoni hatasema yeye ni mtoto wa nani. Atakuwa Dinah wa ofisi, ametoka Voi, anatafuta kifo kimoja cha zamani.

Naibu wa chifu wa huko, Bwana Francis, alimpokea vizuri lakini hakuwa na msaada. Yeye alipokea mhuri mwaka wa sitini na tisa, na kabla ya hapo hakukuwa na hata sanduku la karatasi. Kisha akakuna kichwa, akasema labda amwone Kituku.

Kituku alikaa ng'ambo ya mfereji mkubwa, katikati ya migomba. Alikuwa Mkamba aliyehamia pale zamani, mwembamba, mkali, na tangu mwaka wa hamsini na nane alikuwa katibu wa chama cha kuzikana cha sehemu ile. Chama hicho kilikuwa cha wote: Wataveta, Wakamba, Wataita, wa msikitini na wa kanisani. Mtu akifa, kila nyumba ilipewa zamu ya kutoa mchimbaji, na si mchezo, maana udongo wa pale ni mweusi, mzito, na kaburi likichelewa maji ya mfereji yanaingia. Kazi ya Kituku ilikuwa kuandika nani amechimba. Aliyefika aliandikwa kwa wino wa buluu. Aliyekwepa aliandikwa kwa wino mwekundu, na jina lake likabaki hivyo hata akija kuomba radhi na kuku mkononi. Kuhusu marehemu mwenyewe, daftari halikusema umri wala ugonjwa. Lilisema tu "Kwa fulani", na siku.

Dinah alisikia hayo akahisi mate yanamjaa mdomoni kama mtu aliyenusa nyama ya kuchoma. Kitabu cha vifo kilichoandikwa kwa upande wa jembe! Aliuliza kama kuna kaburi la Mwandawiro, mwaka wa sitini na mbili. Kituku akasema jina hilo halijui, lakini kichwa si daftari; alete kigoda asome. Macho yake yeye yalikuwa yameanza ukungu, hivyo akatoa sharti: asome kwa sauti, na asiruke mtu.

Akasoma. Kwa Mzee Ramadhani, Januari: Baba Hadija, Baba Mutua, Baba Jedidah, Baba Mkamburi. Kwa mtoto wa Wayua, Februari: Baba Mutua, Baba Mkamburi, Baba Salimu. Hakuna aliyeandikwa kwa jina lake mwenyewe. Pale mwanamume mwenye mtoto hakuitwa vinginevyo, hata na adui zake. Kituku aliinua kidole kila alipofika kwenye wino mwekundu, akaeleza yule mtu alitoa kisingizio gani. Dinah alicheka, akaendelea. Mwaka wa sitini na mbili ukaisha na hakuna kaburi la Mwandawiro. Alimaliza na sitini na tatu. Mahali fulani katika sitini na nne ulimi wake ulichoka na jina moja lililokuwa likija kila ukurasa, karibu kila mara la kwanza, na la buluu siku zote.

Akina Mkamburi walijaa huko kwao milimani, hivyo akauliza, kwa udadisi tu, huyu Baba Mkamburi ni nani, mbona anachimba hata ambapo si zamu yake.

Kituku akatabasamu kwa mara ya kwanza. Alisema huyo alikuwa mtu wa milimani, Mtaita, aliyekuja mwaka wa sitini na moja kufanya kazi ya mifereji. Mikono yake ilikuwa ya ajabu. Udongo uliowashinda vijana wawili yeye aliumaliza peke yake. Alikaa na mwanamke wa Kikamba aliyeitwa Mumbe, hapo nyuma ya msikiti, na hawakujaliwa mtoto. Watu walimtania, huyo Mkamburi tunayekuitia ni nani, mbona hatumwoni? Alikuwa akijibu neno moja tu.

"Alisema, ni mtu wangu," akasema Kituku. "Basi. Ukimwuliza zaidi anachukua jembe lake."

Dinah aliendelea kusoma. Hakujua afanye nini kingine. Sauti ilikuwa yake lakini aliisikia kutoka mbali, ikilitaja jina lake la nyumbani ukurasa baada ya ukurasa: sitini na tano, sitini na sita, mwaka alioanza kuvaa viatu vya shule, sabini, mwaka aliofanya mtihani, sabini na mbili. Mtu aliyeliliwa Wusi na kanisa zima, aliyekuwa akiombewa kila Krismasi, alikuwa hapa, mzima, anazika watu. Alimkasirikia. Alimkasirikia hadi masikio yakawaka moto, na bado kidole chake kilikuwa kinateremka kwa pupa kuona kama ukurasa unaofuata yumo, na kila alipomkuta alifurahi, kisha akajichukia kwa kufurahi.

Tarehe kumi na tisa Agosti, mwaka wa sabini na nne, jina lilihama. Lilikuwa juu. Kwa Baba Mkamburi.

Chini yake kulikuwa na wachimbaji kumi na mmoja, wote wa buluu, na mwisho mistari miwili iliyoandikwa kwa uangalifu zaidi. Nyumba ya Mumbe: kaka yake. Nyumba ya Wusi: Elijah.

Alisoma mstari ule mara mbili kwa sauti. Kituku alidhani haelewi, akamweleza utaratibu. Hakuna kaburi linalofunguliwa kabla kila nyumba ya marehemu haijatoa mchimbaji. Baba Mkamburi, homa ilipomzidi, alimwita akamwambia ana nyumba Wusi, kwa Wakio, na kwamba nyumba hiyo isipotoa mtu itakuwa na haki, maana aliiacha. Kituku alituma neno kwa dereva wa lori la ndizi. Mumbe alisema huyo wa mlimani hatajibu, nani angejibu? Kesho yake adhuhuri akafika mwanamume mpole, fundi wa mbao, amebeba jembe lake mwenyewe kutoka Wusi. Hakula. Alichimba zamu yake na nusu ya zamu ya mwingine. Kitambulisho cha marehemu walipompa apeleke alikataa kukichukua. Alisema aliyemtuma alimwambia arudi na jembe tu. Mumbe alirudi kwao Ukambani mwaka uliofuata, na kitambulisho kikabaki.

Kilikuwa humo humo, kati ya kurasa. Mwandawiro, wa Wusi, na alama ya kidole gumba.

"Sasa wewe Dinah wa ofisi," Kituku akasema polepole, akimwangalia kwa macho yake ya ukungu, "kwenu wanakuitaje?"

Akamwambia. Yule mzee mkali aliondoa kofia, akaiweka kwenye goti. Baadaye akampeleka kaburini, ukingoni mwa mfereji, mahali pasafi palipofagiwa, na Dinah akalia kwa hasira na kwa kitu kingine ambacho hakukipatia jina. Jioni Bwana Francis aliandika barua kwa kufuata daftari na kitambulisho, akaigonga mhuri, akampa na kitambulisho.

Ndani ya treni ya kurudi alikuwa na karatasi aliyoitafuta, na aliiogopa. Aliigeuza mara ngapi sijui. Sasa alielewa kwa nini mama alikataa miaka yote, na kwa nini alikubali ghafla mwaka ule ule. Alielewa pia ile "waachane na hayo". Mama yake alikuwa tayari kumkosa Elijah kuliko yeye Dinah kuisoma tarehe hii. Angeweza kuichana barua, aseme hakupata kitu, na mama angemshukuru bila kusema. Lakini basi harusi ingekufa. Alifika Wusi Jumapili mchana hajaamua, na alipomwona Wakio uani na ungo wa maharagwe, akaiweka barua juu ya benchi.

Wakio hakuigusa. Aliuliza, "Imeandikwa mwaka gani?"

"Sabini na nne."

"Na daftari umelisoma?"

"Nimelisoma lote, mama. Kwa sauti."

"Basi umemwona Elijah."

"Nimemwona."

Maharagwe machache yalidondoka kwenye ungo. Halafu Wakio akasimulia, bila kulia na bila haraka, kama mtu anayetua mzigo aliouzoea. Mwaka wa sitini na mbili ilikuja barua ya mstari mmoja: usinisubiri. Akaichoma jikoni, akafunga kitambaa cheusi, akatoka nje akapiga yowe, na watu wakaja. Aliwadanganya wote, na kanisa, na Mungu pia, akasema, lakini naye Mungu aliona alivyoachwa. Tangu hapo hakuweza kuolewa, maana mume wake alikuwa hai na yeye ndiye peke yake aliyejua. Neno lilipokuja kutoka Mboghoni, alimwambia Elijah ukweli wote na kumwomba akachimbe. Alikuwa anamposa mtu, akatumwa kumzika mume wake; akaenda.

Dinah akauliza kilichokuwa kimemkaa kooni tangu Maktau. "Mbona hukuniambia mimi?"

"Ulikuwa na miaka saba," Wakio akasema. "Mtoto akiambiwa baba amekufa, analia, anamaliza. Akiambiwa baba hataki kurudi, atakaa njiani akimngoja. Sikutaka ukae njiani."

Dinah alivuta ungo, akaanza kupukuchua naye. Kulikuwa na jambo moja ambalo mama hakulijua, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe yeye ndiye aliyekuwa na habari za baba. Akamwambia kwamba pale Mboghoni hakuna aliyemwita Mwandawiro. Akamwambia aliitwa nani, miaka kumi na mitatu, na watu wasiomjua huyo mtoto. Na akamwambia alivyokuwa akijibu walipomtania. Mikono ya Wakio ilisimama. Aliomba arudie, na Dinah akarudia. Ndipo mama yake akalia, kilio kidogo kibaya kisicho na nyimbo, ambacho mwaka wa sitini na mbili hakikumtoka.

Jumanne walikwenda wote watatu kwa Mchungaji Samuel. Alisoma barua, akapekua tarehe na kitambulisho, na unaweza kuona swali likimpanda mpaka kwenye kola: kama huyu alikufa sabini na nne, yale matanga ya sitini na mbili yalikuwa ya nani? Akalisema. Elijah alikohoa. Dinah alifungua mdomo apate kumsaidia mama kusema uongo wa mwisho, lakini Wakio alitangulia, akamweleza mchungaji mambo yote kama yalivyokuwa, amesimama wima, mkoba kifuani. Akamaliza kwa kusema kwamba kama kuna adhabu ya kanisa ataipokea, na kama hakuna, atangaze ndoa.

Kijana yule aliisoma barua tena tangu mwanzo. Si mbaya, jamani, ni vitabu tu vilivyomharibu. Alichovya kalamu, akafungua kitabu cha ndoa, akaandika Wakio, mjane wa marehemu, kisha akanakili kutoka kwenye kitambulisho, M, w, a.

"Sio huyo," Wakio akasema. "Mwandawiro nilimzika mwenyewe, hapa Wusi, wazee wanakumbuka hata uji. Aliyekufa Mboghoni ni Baba Mkamburi. Andika huyo."

Mchungaji akamtazama Dinah, kwa kuwa ndiye karani. Alisema kitabu kinataka jina kamili. Dinah aliinama akaipima nafasi iliyobaki kwenye mstari, kama afanyavyo kila siku ofisini, na akamwambia majina yote mawili yataenea.